Kabla ya Kunitumia Kadi, Niambie Nitafikaje

Wacha niseme kitu kitakachonikosanisha na nusu ya marafiki zangu walio na pete kidoleni. Harusi ya ziwani ni tamu sana, lakini kadi inayosema "karibu" bila kusema mtu atafikaje, ataingiaje na atalala wapi, hiyo si mwaliko. Ni tangazo la hoteli.

Sina shida na mtindo wenyewe. Kwa miaka mingi ukisikia watu wanasafiri kwenda harusi, ujue ni Diani ama Naivasha. Sisi wa Kisumu tulikuwa mahali pa kula samaki ukielekea kwingine. Siku hizi maharusi wanatoka Nairobi, wengine wanatoka Uingereza na Marekani, na wanataka Rusinga, wanataka ule mchanga wa Takawiri, wanataka jua likizama wakiwa wameshikana mikono. Mimi nafurahia. Kenya ina kama asilimia 6 tu ya hili ziwa, kwingine kote ni Tanzania na Uganda, kwa hivyo hicho kidogo chetu wacha kipigwe picha. Mwenye boti anapata, mama anayeuza samaki Dunga anapata, kijana wa droni anapata. Hata mimi napata kontenti.

Shida inaanzia getini.

Desemba iliyopita binamu yangu aliolewa kwenye hoteli moja ya ufuoni, upande wa kusini wa Ghuba ya Winam. Jina sitaji, na si muhimu, kwa sababu ziko nyingi za aina hiyo sasa. Ni zile za kuleta familia nzima wikendi: slaidi za maji za rangi kama saba hivi, bembea, gari-moshi dogo la watoto linalozunguka bustani, na kiboko wa saruji anayetema maji kwenye bwawa la kuogelea. Viboko wa ukweli wako kwenye matete pale chini na hawalipishi mtu.

Mlinzi ana orodha. Kama umelipia chumba unavalishwa bangili ya kijani. Kama umekuja kushinda tu, unapewa ya chungwa. Ya kijani inaingia kila mahali. Ya chungwa inaishia kwenye hema, na ukitaka choo kizuri unaambiwa zunguka nyuma. Kwa hivyo ukitazama ukoo wetu siku hiyo, ungejua nani ana pesa na nani hana bila kuuliza, kwa kuangalia mikono tu. Watu ambao wamekula sahani moja maisha yao yote, sasa wana rangi mbili.

Halafu Dani akafika. Nyanya ya bibi harusi, mzaa mama. Alitoka Nyakach alfajiri, akapanda matatu mbili na boda moja, amebeba mfuko wa njugu na kuku jike mzima, mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba. Mlinzi akamwambia kwa heshima kabisa, "Mama, chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi."

Dani akamjibu, "Nyathina, hii si chakula. Hii ni zawadi ya msichana wangu."

Wakabishana polepole, wote wawili wakiwa na adabu. Simu ya bibi harusi ilikuwa kwa mpambaji. Simu ya mwenyekiti wa kamati ilikuwa inapiga video. Dani alikaa kwenye benchi la nje karibu dakika arobaini, na alikataa katakata kumwacha kuku. Mwishowe yule jamaa wa boda akajitolea kumtunza, na njugu zikaingia zikiwa zimefichwa ndani ya leso. Wakati anafika kwenye hema, viapo vilikuwa vimeisha. Watu walikuwa kwa laini ya chakula.

Msimlaumu mlinzi. Yeye ndiye aliyemtafutia benchi na maji ya kunywa. Hata hoteli siielewi vibaya, inauza chakula kwa sahani, na kila mgeni akija na sufuria yake itafunga. Lakini kuna mtu alikaa kwenye meza na meneja, akaulizia droni, akaulizia maua, akaulizia kama boti inaweza kupita nyuma ya keki saa ya picha. Si angeuliza pia, wazee wetu wakija na vitu vyao itakuwaje? Hilo swali halina gharama. Unaliuliza kabla ya kulipa dipositi, kwa sababu baada ya hapo wewe huna nguvu tena.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika, "Huo ni uzungu, turudi kwa mila." Buda, tulia. Mila ya Wajaluo yenyewe ni safari. Watu wa bwana walikuwa wanafunga safari kwenda kwa kina msichana, na hadi leo ukipeleka ayie hauitumi kwa simu ukiwa umelala kwako, unavaa vizuri na unaenda. Tofauti ni kwamba kule wenyeji walijua wageni wanakuja na mikono imejaa. Kulikuwa na mtu wa kuwapokea, jagam anajua nani ni nani, na mgeni alikaa kabla ya kuulizwa chochote. Kupokea mtu ilikuwa ni sehemu ya shughuli. Sisi tumechukua safari, mapokezi tukamwachia mtu wa orodha ambaye hamjui hata mmoja wetu.

Tuje kwa doo. Hapa ndipo vijana wenzangu mnaumia kimyakimya. Nairobi mpaka Kisumu ni kama kilomita 350, na Desemba kila mtu wa Magharibi anarudi nyumbani kwa hivyo nauli inapanda bila aibu. Ongeza matatu ya kutoka Kisumu, ongeza nguo ya "rangi ya siku" ambayo hutaivaa tena (yetu ilikuwa zambarau ya kukolea, na hakuna mtu mweusi ama mweupe anayependeza na zambarau ile), ongeza mchango wa kamati, halafu chumba. Nilijumlisha yangu nikapata zaidi ya elfu kumi na moja, na mimi nililala kwa rafiki. Najua watu watatu kwenye kundi letu la WhatsApp waliomaliza wikendi wakiwa ndani ya Fuliza. Hakuna aliyesema. Utasemaje? Ukikosa unaitwa mtu wa wivu, ukienda unakula ugali kwa chumvi mpaka Februari.

Jibu ninalopewa kila mara ni "ni siku yao, wafanye wanavyotaka." Kweli kabisa. Sasa sikia. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka mashahidi wawili. Wawili tu! Mnaweza kwenda na marafiki wawili mpaka kisiwani, mkaoana, mkala ngege wa kukaanga, mkarudi mkiwa mke na mume halali. Kila mtu wa tatu na kuendelea yuko pale kwa sababu nyinyi mlimtaka. Hamkulazimishwa na serikali. Kama mnataka watu mia mbili washuhudie, basi safari ya hao mia mbili ni sehemu ya harusi yenu, kama vile keki.

Na kuna tofauti kubwa kati ya mahali na mahali, ambayo watu wa Nairobi hawaijui kwa sababu wanachagua kwa picha. Rusinga ina daraja pale Mbita, gari linaingia mpaka ndani. Mtu akitoka upande wa Kisumu anaweza kuzunguka na barabara ya Homa Bay, ama akate na feri ya Luanda Kotieno. Takawiri ni kisiwa. Hakuna barabara, ni boti. Sasa mtu anaandika kwenye kadi "saa nane mchana, Takawiri" kama vile anasema "saa nane, pale stejini". Mnajua ziwa letu. Asubuhi limelala kama sahani, jioni upepo unaamka na mvua inaweza kuja na radi. Nani ana jaketi za kuelea za kutosha watu wote, pamoja na watoto? Boti ya mwisho inarudi saa ngapi? Emsii huwa hatangazi hayo mambo, yeye anatangaza heshitegi.

Mimi kama ningekuwa naoa leo (tulieni, siko karibu), ningefanya mbili. Ufuoni ningeenda na watu thelathini, wote bangili rangi moja, nimewalipia boti na kitanda. Halafu wiki inayofuata, nyumbani, hema mbili na sufuria kubwa, na kila mtu aje na kuku wake. Picha za ufuoni zitakuwa nzuri hata zaidi maana hakuna mtu amenuna kwa njaa ama deni.

Rafiki yangu mmoja anaoa Agosti, na tayari amesambaza video ya mahali: maji ya buluu, minazi, wimbo wa polepole. Nimemwandikia kumuuliza boti ni ngapi, mamake mwenye magoti mabaya atapandaje, na kama wanaruhusu kuku. Tiki zimegeuka buluu tangu jana usiku.