Mjasiriamali asiye na amana hana mtaji

SIFA njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika nyumba nyingi kilio cha vijana waliomaliza masomo ni kimoja: mtaji. Wazazi huuza shamba, ndugu wakachangishana, duka likafunguliwa. Kabla ya mwaka kwisha rafu ni tupu na wenye bidhaa zao wanabisha hodi. Sisi tunaona kwamba fedha siyo jambo la kwanza analolikosa kijana huyo.

Tumtazame Abdurrahman bin Auf (R.A.). Alipohamia Madina, Mtume (S.A.W.) alimuunganisha undugu na Saad bin Rabii (R.A.), Answari tajiri, ambaye alijitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akataka jambo moja tu: aonyeshwe soko. Akaelekezwa soko la Banu Qaynuqa, akarudi na samli na maziwa yaliyokaushwa aliyoyapata kwa biashara. Haukupita muda mrefu akaoa, na mahari aliyotoa ilikuwa dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende. Moyo huo wa kutotegemea mkono wa mtu na kutodharau kidogo ndio sifa ya kwanza ya mjasiriamali.

Sifa ya pili, ambayo ni nguzo ya nyingine zote, ni amana. Kabla ya utume, Bibi Khadija (R.A.) alimkabidhi Mtume wetu bidhaa zake azipeleke Sham kwa sababu ya ukweli na uaminifu aliosikia kwamba anao. Wafanyabiashara wetu wanaijua njia inayofanana na hiyo kwa jina la mali kauli: mwenye duka la jumla humpa kijana bidhaa bila malipo ya awali, akauze kisha alete fedha. Anayelipa siku aliyoahidi, au anayekwenda mapema kueleza kuwa mauzo yamekuwa mabaya, hupewa tena. Anayezima simu amekula mtaji wake mwenyewe.

Hasara ya kukosa amana huwafika hata wasiohusika. Nchini Tanzania, mikopo ya halmashauri isiyo na riba, itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, baada ya ukaguzi kubaini vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa. Ilirejeshwa mwaka 2024. Kwa Muislamu anayeikimbia riba, huo ni mlango adhimu, na waliokula fedha hizo waliwafungia wenzao.

Sifa ya tatu ni kuweka hesabu. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, inatuamrisha kuandika deni la muda, liwe dogo au kubwa, na anayedaiwa ndiye atamke yanayoandikwa. Ni ajabu basi kuona duka la Muislamu lisilo na daftari. Shangazi amechukua sukari, mwenye duka ametoa kwenye droo fedha za sare ya mtoto, na hakuna kilichoandikwa. Jioni hawezi kutenganisha faida na mtaji. Kuandika si kumtuhumu ndugu, bali ni kuulinda undugu wenyewe.

Wazazi wenzetu, kabla ya kuuza shamba, mpeni kijana jambo dogo alisimamie, awe wa kiume au wa kike: kuku wachache, meza ya matunda, ununuzi wa mahitaji ya nyumbani. Atoe hesabu yake kila wiki mbele yenu. Asiyeweza kutunza shilingi elfu hamsini, milioni tano hazitamfunza.

Suratul Jumua inatuelekeza kwamba Sala ya Ijumaa ikimalizika tutawanyike katika ardhi, tutafute fadhila za Mwenyezi Mungu na kumkumbuka kwa wingi. Tutakapotoka msikitini leo, mwenye deni ambalo muda wake umefika aanze nalo, kabla hajatafuta mtaji mwingine.

Wabillahi tawfiq.