Muziki na Umeme Visitenganishwe Shuleni

Mwanafunzi wa Kenya anayeingia gredi ya 10 katika mfumo wa elimu ya umilisi hutakiwa kuchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Umeme umewekwa upande mmoja, muziki upande mwingine. Yafaa walimu wajiulize iwapo mgawanyo huu unalingana na hali ya muziki ilivyo leo.

Tuwatazame majirani zetu. Mjini Kampala, Brian Bamanya, ajulikanaye kama Afrorack, aliona kwamba sinthesaiza za viwandani bei yake haishikiki. Alijifunza elektroniki mwenyewe, akaunda ala yake kwa vipuri, na mwaka 2022 akatoa albamu yenye jina hilohilo. Ala hiyo ni mkusanyiko wa vipande: kimoja huzalisha mtetemo wa umeme, cha pili huchuja sauti, cha tatu hupanga mapigo, na nyaya huviunganisha. Ni kama kitenzi cha Kiswahili: kila kiambishi kina kazi yake, na ukibadili kimoja maana yote hugeuka.

Kabla yake, bendi ya Konono No. 1 ya Kinshasa ilitumia sumaku za magari makuukuu kutengenezea vipaza sauti vya likembe. Mkwaruzo uliotokana na vifaa hivyo ukawa ndiyo ladha ya muziki wao, uliosikika hadi Ulaya.

Swali linalozuka ni hili: kijana kama Bamanya, akizaliwa Namanga, angeelekezwa mkondo upi? Hapana shaka angeambiwa aache nusu ya kipaji chake, endapo mikondo itachukuliwa kuwa kuta.

Namanga na Kitengela hazikosi mafundi wa redio na simu. Mwalimu wa muziki na mwenzake wa fizikia wanaweza kuketi meza moja na fundi kama huyo. Wanafunzi wafungue redio mbovu, watoe spika, wajaribu kuitoa sauti kwa betri ndogo, si kwa umeme wa ukutani. Kisha waeleze kwa Kiswahili sanifu walichokifanya, kwa maana asiyeweza kukitaja kifaa hawezi kumfundisha mwenziwe kukiunda.

Jambo hili halihitaji waraka wa Wizara. Lahitaji walimu wawili walio tayari kuanza muhula huu.