MPAKA UKIFUNGWA, NANI ANALIPA?



Siku hizi tunasikia maneno mengi huku Matasia, Kiserian na Ngong. Mtu akija kutafuta kura husimama juu ya gari na kusema: Jumuiya inatunyonya, wageni wanakula mkate wetu, tufunge mpaka! Watu hupiga makofi. Sisi tunauliza neno moja tu: mpaka ukifungwa, nani analipa?

Jibu tunalo. Tarehe 5 Juni 1963 Kenyatta, Nyerere na Obote walitangaza mjini Nairobi kwamba watafanya shirikisho. Halikufanyika. Mwaka 1967 ikaundwa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, yenye reli, bandari, posta na ndege za pamoja. Kisha kila upande ukanung'unika kwamba mwenzake anafaidi zaidi. Na tangu Amin alipotwaa serikali mwaka 1971, wakubwa wale watatu hawakuketi tena katika baraza lao. Mwaka 1977 Jumuiya ikafa.

Waliolipa ni wafanyakazi. Wengi wa reli, posta na ndege walitawanyika. Wenzetu wa Tanzania walidai haki yao miaka mingi, wengine mpaka wakazeeka. Mpaka wa Namanga, katika Kajiado yetu hii, ulifungwa mpaka 1983.

Tena likaja la bunduki. Oktoba 1978 askari wa Amin waliingia Kagera, vita ikawaka mpaka 1979. Hatusemi vita ile ililetwa na kufa kwa Jumuiya peke yake. Lakini majirani wasio na baraza la kuketi, ugomvi wao hufika upesi kwa askari.

Linganisheni na mwaka 2017. Ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya walipigwa mnada Tanzania, na vifaranga 6,400 kutoka Kenya vikachomwa moto. Watu wa Kajiado walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini Jumuiya mpya, ya mkataba wa 1999, ilikuwapo. Serikali zikazungumza, na Desemba 2018 marais wawili wakafungua pamoja kituo kimoja cha mpakani pale Namanga.

Hatusemi kila kitu ni kizuri. Julai 2025 Tanzania iliwakataza wageni biashara ndogo ndogo nyingi, na Wakenya wenzetu waliumia. Kazi nazo ni haba, na mgeni akikubali mshahara mdogo, sote tunashushwa. Lakini anayeshusha mshahara ni tajiri, siyo yule mwenye njaa kama sisi. Dawa yake ni kumwandikisha mgeni huyo katika chama, adai mshahara ule ule.

Basi ndugu, akija tena bwana wa kufunga mpaka, msimpigie kelele. Mwulizeni: ugomvi ukitokea na jirani, utautatua wapi, mezani au kwa bunduki? Na watoto wa nani watakaobeba bunduki hizo? Siyo wake. Ni wetu.

UMOJA NI NGUVU.