Vyaelea Vimeundwa: Majitaka ya Kahawa Kangundo na Deni la Wanakiswahili

Methali isemayo ‘vyaelea vimeundwa’ hufundishwa shuleni kwa picha ya jahazi. Mwanafunzi huambiwa kwamba chombo kinachopendeza machoni kikiwa juu ya maji kilimtoa fundi jasho. Katika vilima vya Kangundo, Kaunti ya Machakos, mbali kabisa na bahari, methali hiyo ina uwanja mwingine ambao hautajwi darasani. Huko viko viwanda vya kahawa vya vyama vya ushirika, vilivyojengwa karibu na vijito kwa kuwa kahawa haikobolewi bila maji. Maji huingia kiwandani yakiwa safi na kutoka yakiwa ya hudhurungi, yenye utelezi na harufu ya uchachu. Kinachohitajika kuundwa hapo ni njia ya kuufanya uchafu wenyewe uelee, uenguliwe, na maji yaendelee na safari yake.

Tunda la kahawa lina ganda, nyama tamu na ute wenye sukari na pektini ulioishikilia mbegu. Mashine huondoa ganda, ute huachwa uchachuke kisha huoshwa, na karibu kila hatua humeza maji. Sukari hizo zikifika kijitoni, bakteria huzivamia kama karamu, na katika kula huko huimaliza oksijeni iliyomo majini. Samaki, vyura na wadudu wa majini hukosa pumzi. Madhara haya hupimwa kwa miligramu za oksijeni ambazo bakteria huhitaji katika lita moja ya majitaka kwa muda wa siku 5. Majitaka ya kukoboa kahawa hufikia maelfu ya miligramu. Kanuni za ubora wa maji zilizotolewa nchini Kenya mwaka 2006, chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa majitaka yanayomwagwa katika mazingira. Mwendo wa kutoka maelfu hadi 30 ni mrefu, na hausafiriwi kwa kuchimba shimo moja na kulisahau.

Mojawapo ya hatua za mwendo huo ni kusafisha majitaka kwa kutumia viputo vya hewa. Namna yake ni rahisi kuliko jina lake la kitaalamu. Anayefungua chupa ya soda huona viputo vikizuka ghafla, kwa sababu gesi iliyokuwa imeyeyushwa kwa shinikizo imepata nafasi ya kutoka. Mtambo hufanya vivyo hivyo: sehemu ya maji yaliyokwisha kusafishwa husukumwa kwenye tangi pamoja na hewa kwa shinikizo kubwa hadi hewa iyeyuke, kisha maji hayo huachiliwa ndani ya birika la majitaka. Hapo huzuka viputo vidogo mno, vingi vikiwa na kipenyo kisichofika sehemu ya kumi ya milimita. Viputo hujibandika kwenye mafuta, nyuzi na chembe zinazoning’inia majini, huzipandisha juu, na utando unaofanyika huenguliwa kwa upanga wa mtambo. Kwa kuwa chembe nyingine ni ndogo mno kushikika, aghalabu hutangulizwa kemikali ya kuzigandisha, kama vile shabu, ambayo akina mama wengi waliitumia kutulizia maji ya mtungi kabla ya mhandisi yeyote kuwatembelea. Mjini Windhoek, Namibia, ambako majitaka ya mji yamekuwa yakirudishwa kuwa maji ya kunywa tangu 1968, mtambo uliofunguliwa mwaka 2002 una hatua ya namna hii.

Haifai kudai kwamba kila kiwanda cha Kangundo kinunue mtambo wa aina hiyo. Pampu za shinikizo zinahitaji umeme na fundi wa kudumu, ilhali kiwanda cha kahawa hufanya kazi kwa misimu. Tena viputo haviondoi sukari iliyokwisha kuyeyuka. Hiyo bado itahitaji bakteria wa kuila mahali pengine kabla ya kijito. Mtambo wa viputo unavifaa zaidi viwanda vya nyama, ngozi na maziwa, ambavyo hutoa mafuta mwaka mzima, na kaunti hiyo hiyo ina mji wa Athi River wenye viwanda vya aina nyingi. Lakini kahawa ina hila yake yenyewe. Majitaka yake yakiachwa birikani yachachuke, uasidi hupanda, pektini huganda, na viputo vya gesi ya uchachushaji huibeba hadi juu ikawa kama ukoko. Yaani kanuni ile ile hufanya kazi bila pampu, mradi pawe na birika la kutosha, maji yapunguzwe tangu mwanzo, maganda yatengwe yasiloweke majini, na chokaa itumiwe kupunguza uasidi kabla ya maji kuachiliwa. Ni kazi ya muundo na usimamizi zaidi kuliko ununuzi.

Je, nani wa kumweleza haya mwanachama wa ushirika, ambaye gharama yoyote ya kiwanda hatimaye hukatwa katika malipo ya kahawa yake? Katika mkutano mkuu wa mwaka, muuzaji wa mitambo anaweza kusimama na herufi tatu za Kiingereza na picha ya tangi linalong’aa. Mwanachama ana haki ya kupiga kura lakini hana msamiati wa kuuliza swali. Akikubali, amekubali asichokijua. Akikataa, amekataa pia asichokijua. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihimize umma kushiriki katika kuyatunza. Na kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Haki tatu hizo hukutana mahali pamoja tu, napo ni katika ufahamu wa mtu. Kanuni za 2006, pamoja na majedwali yake ya vipimo, ziliandikwa kwa Kiingereza.

Kuna watakaouliza Kiswahili kinatafuta nini katika suala hili ilhali wakulima wa Kangundo huzungumza Kikamba. Swali ni la haki, na hakuna anayepaswa kukinyima Kikamba nafasi yake katika mkutano wa kijiji. Ila maji hayaishii kijijini. Vijito vya sehemu hizo huteremka hadi mto Athi, na Athi hubadilisha jina ukawa Galana, kisha Sabaki, hadi unapoingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Kando ya Sabaki, pale Baricho, kuna visima vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Anayekoboa kahawa mlimani na anayeteka maji pwani wana mto mmoja wenye majina matatu, na hawana lugha ya mama ya pamoja. Mashauri yao yakiwa yatafanyika, yatafanyika kwa Kiswahili.

Hapa ndipo lawama inapowaangukia wanakiswahili wenyewe. Miaka mingi ilitumika katika makongamano kubishania iwapo chombo kile kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, huku watumiaji wakikitumia bila kungoja hukumu. Si kwamba kazi ya istilahi haijafanyika: TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na BAKITA imesanifisha maneno mengi. Lakini istilahi nyingi hubaki kabatini kwa sababu zilitungwa mezani, mbali na wanaozihitaji. Kile kipimo cha oksijeni, kwa mfano, kikitafsiriwa neno kwa neno huzaa kirai kirefu ambacho mkulima hatakirudia mara mbili. Kwa nini kisiitwe ‘njaa ya oksijeni’? Majitaka yenye njaa kubwa hula pumzi ya mto. Maelezo yamo ndani ya jina.

Na mtambo wa viputo lugha ulikwisha kuuandalia neno. Kitenzi ‘elea’ kina maana mbili kongwe: kukaa juu ya maji, na kuwa wazi akilini, kama mtu anaposema jambo limemwelea. Kitendesha chake ni ‘eleza’, ambacho leo wengi hukijua kwa maana ya kufafanua tu, ingawa kueleza chombo ni kukifanya kielee. ‘Uelezaji kwa hewa’ ni istilahi yenye mizizi. Huenda ikazua utani kwa sababu ya maana ile nyingine, na utani huo hauna ubaya wowote. Neno linalotaniwa hukumbukwa. Wala mkulima wa Kangundo si mgeni wa jambo lenyewe: kiwandani huona kahawa nyepesi ikielea na kutengwa kwa daraja la chini, nayo nzito ikizama na kupata bei. Anachojua kuhusu buni kinaweza kuhamishiwa kwenye majitaka kwa kugeuza tu kinachotakiwa kubaki.

Idara za Kiswahili hupokea kila mwaka mapendekezo ya tasnifu juu ya dhamira na wahusika wa riwaya zile zile. Kazi hizo zina thamani, lakini msimamizi mmoja akimwelekeza mwanafunzi mmoja akae msimu mzima katika kiwanda cha kahawa, akusanye maneno ya wafanyakazi wa mabirika, ayalinganishe na ya wahandisi na ya kanuni, kisha ayarudishe kwa wanachama wayapime kabla ya mkutano wao mkuu, idara itakuwa imepata faharasa ambayo haipo katika rafu yoyote, na wanachama watakuwa na swali la kumuuliza muuzaji: viputo vyako vinaondoa nini, vinaacha nini, na ukoko huo utapelekwa wapi?