Tumemkataza Mpira; Tumempa Nini?

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baadu.

Ndugu msomaji, pita jioni yo yote katika viwanja vya vumbi vya Mbagala na Tandika, au uvuke mji uende Tandale na Mwananyamala. Utawakuta mabinti wanacheza mpira, na wa Kiislamu wamo. Pembeni, barazani, utawakuta wazee wakitikisa vichwa. Watasema "haramu", kisha watarejea kwenye kahawa yao. Neno hilo moja ndiyo khutba yote tuliyowapa watoto hawa. Twataka kuuliza leo: je, latosha?

Maana mabinti hawakungoja ruhusa yetu. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess mwaka 2022 akaenda Sweden kuichezea BK Häcken, na mwaka 2024 akahamia Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga, naye wa Yanga Princess, alikwenda Hispania mwaka 2023, na mwaka huo huo akaingia Al Nassr ya Riyadh. Opah Clement wa Simba Queens alikwenda Uturuki. Wasichana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walicheza Kombe la Dunia kule India mwaka 2022, wakawafunga Wafaransa 2–1 na kufika robo fainali. Mtoto wa kike wa Chamazi au Bunju ayasikia haya, na kwake yeye mpira umekuwa kazi kama kazi nyingine, yenye mshahara, mkataba na safari ya ndege.

Wapinzani tusiwadhulumu. Wanazo hoja tatu: stara ya mwanamke, kuchanganyika na wanaume, na safari bila ya maharimu. Hizi ni hoja za sheria, wala si za kuchekwa. Sisi si mufti. Anayetaka fatwa na awaendee maulamaa. Tunachouliza ni hiki: je, sisi wenyewe tunaziamini hoja hizi, au twazitoa sandukuni siku tu tunapomwona binti ana mpira mguuni?

Tuanze na safari. Kwa miaka mingi mabinti wa nchi hii wamesafirishwa kwenda Omani na Imarati kuwa watumishi wa majumbani. Nani aliuliza khabari ya maharimu? Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya Watanzania hao. Ikaeleza pasipoti zilizochukuliwa na waajiri, siku za kazi zisizokuwa na mapumziko, mishahara iliyozuiliwa, vipigo, na mengine ambayo ulimi waona haya kuyataja. Hata hivyo binti huyo akiaga twamsomea dua, na akituma fedha twasema mashallah. Kumbe safari bila ya maharimu huwa haramu ikiwa mwisho wake ni uwanja, na huwa halali ikiwa mwisho wake ni jiko la mtu? Huo ni unafiki uliovaa kanzu.

Tuje kwenye stara. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mechi ya kutafuta nafasi ya Olimpiki, kwa sababu ya hijabu zao. Waislamu wengine wangekwenda nyumbani wakalalamika, na basi. Lakini walikuwapo waliosimama. Prince Ali bin Hussein wa Jordan alilipeleka jambo hili mbele ya wakubwa wa mpira, na mwaka 2014 hijabu ikaruhusiwa rasmi. Mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Morocco akacheza Kombe la Dunia na hijabu yake kichwani. Huko Iran na Imarati wanawake hucheza hata mpira wa magongo juu ya barafu, hijabu ikiwa chini ya helmeti. Basi dunia imekwisha kufungua mlango huu.

Na sisi je? Tumeiandikia klabu gani barua ya kuomba mavazi ya stara? Tumetoa kiwanja gani chenye ukuta? Tumemlipia ada ya kozi ya ukocha mwanamke gani, ili mabinti wafundishwe na mwanamke mwenzao? Esther Chabruma aliichezea Twiga Stars, kisha akawa mwalimu wa JKT Queens. Kumbe jambo lawezekana. Anayelalamika kuwa mabinti wafundishwa na wanaume, na hakumsomesha hata mwanamke mmoja, analalamikia uvivu wake mwenyewe.

Wako wanaokimbilia Saudia. Zamani walituambia, "Mbona Saudia hawafanyi?" Naam, hadi Januari 2018 wanawake wa huko walikuwa hawaruhusiwi hata kuingia uwanjani kutazama mpira wa wanaume. Mwaka 2022 wakaanzishiwa Ligi Kuu yao, na ndiyo hiyo aliyokwenda kuicheza binti wa Kitanzania. Waliotushinda kwa hoja ya Saudia leo wamenyamaza. Sisi twasema Saudia haikuwa hoja jana, wala si hoja leo. Hoja ni Kitabu na Sunna. Na katika Sunna tumepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (r.a.), Bibi akamshinda, na siku nyingine Mtume akamshinda yeye. Kisa hiki hakihalalishi kila kitu, lakini chatosha kumnyamazisha anayesema kuwa mbio na nguvu ni aibu kwa mwanamke.

Sasa tufikie lililo zito zaidi. Siku moja mtu mwenye tai atakuja Mbagala na karatasi za Kiingereza, atamwambia binti wa miaka 16, "Tia sahihi hapa, nitakupeleka Ulaya." Nani atakaa naye? Baba aliyekwisha sema haramu hatakuwapo. Imamu hatakuwapo. Na laiti wangekuwapo, wangejua mambo haya: kanuni za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishiwa nchi nyingine, ila kwa sababu chache zilizotajwa. Wakala lazima awe na leseni ya FIFA. Na tangu mwaka 2021 mchezaji mja mzito ana haki ya likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili za mshahara wake. Anayemficha binti mambo haya amemwibia.

Je, si Kurani yetu, katika Suratul Baqara aya ya 282, inayotuamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo? Uwalii basi hauishi siku ya kupokea mahari. Walii ni yule anayeomba karatasi zitafsiriwe kwa Kiswahili, anayempeleka mtoto kwa mwanasheria, na anayeuliza: huko uendako utalala wapi, utasali wapi, utakula nyama iliyochinjwa na nani, na mguu ukivunjika nani atalipa? Ndiye anayemwambia pia kuwa miguu huchoka mapema, kwa hiyo asiache shule, na achukue vyeti vya ukocha angali kijana.

Enyi wazee wa Temeke na Kinondoni! Mabinti hawa watakwenda, tukitaka tusitake. Tulilo nalo mkononi ni kuchagua wataondoka vipi: wakiwa na dua zetu, mkataba uliosomwa na namba ya msikiti wa mji waendako, au wakiwa na matusi yetu tu. Tukiwatupa leo, kesho wakirudi na fedha tusiwe wa kwanza kuwapelekea risiti za bati la msikiti.

Mwenyezi Mungu atuongoze tuwe walinzi wa watoto wetu kwa vitendo, na atusamehe tuliyoyapuuza. Wabillahi taufiq.