Neva iliyokatika haimngoji buibui

Msomaji, huenda ulipokuwa mtoto ulijikata kwa panga, na mtu mzima akachukua utando wa buibui darini akakubandika kidondani ili damu isimame. Basi ukisikia kwamba madaktari Ulaya wanafanya utafiti wa kutibu mishipa ya fahamu, yaani neva, kwa uzi wa buibui, utasema wazee walijua. Usiharakishe.

Ni kweli uzi huo una maajabu. Mwaka wa 2011, watafiti wa chuo cha matibabu cha Hannover, Ujerumani, walieleza majaribio yao kwa kondoo. Waliondoa sentimita 6 za neva ya mguu, wakaziba pengo kwa kipande cha mshipa wa damu chenye nyuzi za buibui wa jamii ya Nephila. Baada ya miezi 10, neva ilikuwa imevuka pengo. Seli zinazoilinda neva hutambaa juu ya nyuzi hizo kama kunde kwenye mti, nayo neva huzifuata.

Faida yake ni kubwa. Kwa kawaida, pengo likiwa refu, daktari hukata neva ya mguuni mwa mgonjwa na kuiunga mkononi. Mkono huenda ukapona, lakini sehemu ya mguu hubaki na ganzi.

Hata hivyo, uzi wa watafiti huvutwa kutoka kwa buibui wanaofugwa, kisha husafishwa. Utando wa darini una vumbi na viini, na kidonda kichafu huweza kuleta pepopunda. Isitoshe, uzi huo bado si tiba ya kawaida hospitalini.

Kwa maoni yangu, linalotupasa kulijali leo ni muda. Neva hukua takriban milimita 1 kwa siku. Ikikatika kwenye kiwiko, hata ikiungwa leo, huenda mwaka mzima ukapita kabla haijafika vidoleni. Wakati huo misuli inakonda, na ikikaa bila neva mwaka mmoja na nusu, mara nyingi hairejei tena. Je, ni wangapi wanaoshonwa ngozi tu, wakaambiwa ganzi itaisha, wakarudi miezi baadaye mkono umepinda?

Kwa hivyo, ukikatwa na panga au kioo, au ukianguka na bodaboda, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi na uende hospitali. Kabla hujashonwa, jaribu kila kidole. Je, kinahisi? Chakunjika? Kama sivyo, mwambie daktari na umuulize iwapo neva imekatika. Ukiambiwa ungoje tu, omba upelekwe kwa mtaalamu wa upasuaji.

Uzi wa buibui utakuja kwa siku yake. Mkono wako hauna muda huo.