Je, Yafaa Kufungua Viini Vilivyofichwa?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya mabishano ambayo muhula huu yamejaa bwenini. Wengine wasema kwamba ndani ya baadhi ya kompyuta zetu mna nguvu iliyofichwa na watengenezaji, na kwamba mwanafunzi mwerevu yampasa aifungue. Wengine wasema huo ni wizi. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, nami nasema hivyo kwa sababu ni mmoja wa waliofungua.

Kwanza tufahamu jambo lenyewe. Prosesa ni ile sehemu ya kompyuta ifanyayo hesabu zote. Zamani ilikuwa na kiini kimoja tu cha kufanyia kazi. Siku hizi huwa na viini viwili, vinne au zaidi, na kazi hugawanywa kati yao kama watu wanne walimavyo shamba moja. Mwaka 2009 kampuni ya AMD ya Marekani ilianza kuuza prosesa za Phenom II zenye viini vinne, kisha vitatu, kisha viwili. Lakini ile ya viini vitatu iitwayo X3 720, na ile ya viwili iitwayo X2 550, zilichongwa kwa ramani ile ile ya viini vinne, yenye transista zipatazo milioni 758. Tofauti ni kwamba baadhi ya viini vilizimwa.

Kwa nini vizimwe? Sisi watoto wa Masama hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kahawa ya wazazi wetu ifikapo kiwandani Moshi hukobolewa, kisha hupangwa madaraja: AA, A, B, PB na mengineyo. Punje ndogo hazitupwi. Kila daraja hupata bei yake. Vivyo hivyo, prosesa iliyoonekana ina kiini kimoja kibovu haikutupwa. Kiini kile kilizimwa, nayo ikauzwa kwa bei nafuu kwa jina la viini vitatu. Hapo hapana hila. Lakini wanunuzi wa bei nafuu walipozidi, hata prosesa zilizo nzima zilizimwa viini vyake ili zitosheleze daraja la chini, kama mtu ajazaye gunia la B kwa kahawa ya AA. Mnunuzi hakuweza kujua kwa macho amepata ipi.

Mapema mwaka ule ule wa 2009 watu waligundua siri. Katika BIOS, yaani programu ya kwanza iamkayo mashine iwashwapo, baadhi ya kompyuta zilikuwa na mpangilio uliokusudiwa kuongeza mwendo wa prosesa. Mpangilio ule ulipowashwa, viini vilivyolala viliamka. Prosesa nyingi za leo huzimwa viini kwa njia isiyofunguka tena, lakini mashine za mtumba zifikazo shuleni huweza kuwa za enzi ile.

Moja ya kompyuta zetu ni ya namna hiyo. Jumamosi moja mimi na wenzangu wawili tuliingia katika BIOS, tukafungua. Mashine ikaonyesha viini vinne mahali pa viwili. Tulifurahi mno, wala hatukumwambia mwalimu. Siku tisa mambo yalikwenda vizuri. Siku ya kumi mashine ilizimika ghafula mikononi mwa mwanafunzi wa Kidato cha Pili, na insha 14 za darasa lake, zilizopigwa chapa kwa ajili ya gazeti hili, hazikufunguka tena. Mdogo wetu yule akaambiwa ameharibu mashine, akazuiwa kuingia chumba cha kompyuta majuma mawili. Kila jioni nilimwona amesimama dirishani akiwatazama wenzake wakijifunza, nami nilinyamaza. Juma zima nilinyamaza. Kisha sikuweza tena, nikaenda kwa mwalimu nikasema yote.

Mwalimu hakunipiga. Aliniuliza, "Mlivipima?" Hatukuvipima. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usiku ule tuliiweka programu iitwayo Prime95, ambayo huipa prosesa hesabu ndefu zenye majibu yanayojulikana tayari. Kiini cha nne kilikosea kabla ya saa moja kwisha. Cha tatu kilifanya kazi hata asubuhi bila kosa. Basi cha nne tumekizima, na leo mashine ile ina viini vitatu vizima.

Kwa hiyo wasemao ni wizi nawajibu hivi: shule ilinunua mashine nzima, na kilichomo ndani ni cha shule. Mwaka 2010 kampuni ya Intel iliuza prosesa ya Pentium G6951, kisha ikauza kadi ya dola 50 ya kufungulia uwezo uliokuwamo tayari ndani yake. Wanunuzi wengi walinung'unika, na mwaka 2011 mpango ule ulikomeshwa. Sioni mwizi katika mtu atumiaye alichokwisha kulipia.

Nao wasemao tufungue tu, nawajibu: kilicho cha shule si changu peke yangu. Tena kuna gharama. X2 550 ilikadiriwa kutumia umeme wa wati 80, hali nyingi za viini vinne za ukoo ule zilikadiriwa wati 95 hadi 125. Joto huzidi, na mara nyingi viini vikisha kufunguliwa kipimo cha joto kilichomo ndani ya prosesa hakisemi kweli tena.

Rai yangu ni hii. Kwanza, atakaye kufungua amwambie mwalimu. Pili, mashine ipimwe usiku kucha, feni yake ikiwa imesafishwa. Tatu, iandikwe katika daftari la chumba nani amebadili nini na lini. Nne, mpaka ipite majaribio, isiwekwe ndani yake kazi ya mtu mwingine.

Huku kwetu mlimani maji ya mfereji huenda kwa zamu. Kuyafungulia shambani si kosa. Kosa ni kuyafungulia usiku kwa siri, na jirani aamke akute migomba yake imekauka, kisha mtoto wake ndiye apigwe kwa kuchezea mfereji.

Insha zile 14 tumezipiga chapa upya sisi watatu, kutoka madaftarini mwa wenyewe, nazo zimo katika toleo hili. Mdogo wetu amerudi chumbani. Mbele ya shule nzima namwomba radhi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne